Viatu Nyuma ya Mlango

Karatasi ya ruhusa ya skuli ilirudi kama ilivyokwenda. Hamood aliipitisha kwenye upenyo wa mlango kwa ncha za vidole, na mama yake, Bi Mahfoudha, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake baina ya mlango na pazia, akaipokea, akaitazama juu na chini kama mtu anayetafuta unywele kwenye mkate, kisha akaipitisha upande wa pili kwa mkwewe.

"Hajatia saini," Kaltham alisema nyuma ya pazia.

"Hujatia saini," Bi Mahfoudha alimwambia mwanawe.

"Najua, mama. Si mimi mwenyewe niliyeacha kutia?"

Ndivyo walivyokuwa wakizungumza tangu Humaid afariki. Kaltham alikuwa kizuka, siku ya hamsini na tatu ya eda yake, na Hamood, ndugu wa marehemu, hakuwa mtu wa kumwona. Nyumba ilikuwa ndogo, vyumba vitatu na ua, katika kijiji kilicho nje ya Ibra kwenye njia ya Sinaw, na kila mtu humo alimsikia kila mtu. Hata hivyo Bi Mahfoudha hakukubali neno livuke pazia bila ya kupita kwake. Alikuwa na miaka sabini na minane. Alizaliwa na kukulia Malindi, mjini Unguja, akaja Oman msichana, na mambo ya adabu alikuwa bado anayapanga kama yalivyopangwa kwao.

"Mama, mwulize shemegi, sababu ni nini?"

"Anauliza sababu."

"Nimemsikia. Mwambie baba wa mtoto hajatimiza hata miezi miwili kaburini. Watu wakimwona binti wa Humaid anarukaruka huko Sur na nguo za michezo, watasema nini?"

"Watasema anakimbia," alijibu Bi Mahfoudha.

"Mama, hilo hukuambiwa useme."

"Hilo langu."

Kaltham alilisogelea pazia mpaka kitambaa kikamgusa pua. "Mwambie dini imempa mtoto siku tatu za msiba. Mwenye miezi minne na siku kumi ni mimi, si yeye. Asimvishe mwanangu eda yangu."

Hamood alikohoa. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mstaafu, mwenye kanzu iliyopigwa pasi hata siku ya kwenda sokoni tu, na si mtu wa kujibizana na wanawake. Walimsikia akivuta miguu kwenye kokoto.

"Khalas," alisema. "Mimi ndiye walii wake sasa, badala ya babake. Hakimbii."

Jikoni, Aseel, mtoto wa pekee wa marehemu, alikuwa akiosha vikombe vya kahawa. Alikuwa na miaka kumi na sita. Alisikia kila neno, na maji ya mfereji yaliendelea kumwagika vilevile, bila ya kupungua wala kuzidi.

Ilikuwa Jumatatu. Basi la skuli lingeondoka kwenda Sur Jumatano asubuhi.


Tangu afiwe, Kaltham hakuweza kukaa mahali pamoja. Alitembea uani kutoka mlimau hadi tangi la maji, kutoka tangi la maji hadi mlimau, na majani yaliyoanguka chini ya mlimau yalikuwa yamesagika kwa nyayo zake. Akikaa, goti lilimtikisika. Akilala mchana, aliamka na kuanza kupanga kabati lililopangwa jana. Zamani, siku za mashindano, yeye ndiye aliyekuwa mama wa basi. Kila skuli ilitakiwa ilete wanawake wawili watu wazima pamoja na wasichana, na skuli yao haikuwa na walimu wa kutosha, basi mwalimu wa michezo alikuwa wa kwanza na Kaltham wa pili. Humaid aliendesha. Nyuma yao wasichana waliimba na kutapika na kugombania dirisha.

Sasa basi lilikuwa na dereva mwingine, na yeye alikuwa na mlimau na tangi.

Saa kumi za alasiri wanawake walikuja kumtazama, kama walivyokuja kila siku. Jirani yake Tamima alimleta mgeni kutoka Bidbid, mama mnene mwenye huruma ya haraka, ambaye hakuwahi kuisikia habari, na Tamima hakuweza kumwacha abaki hivyo.

"Marehemu alikuwa keshaondoka," Tamima alianza, huku amemshika mgeni mkono. "Alfajiri. Kawachukua wasichana majumbani, kawashusha skuli wamngoje mwalimu wao, safari ya Nizwa inamngoja, na Kaltham siku hiyo ana homa, kabaki nyumbani. Moyo ukamwambia, rudi. Bila ya sababu! Akaligeuza basi, akarudi mpaka langoni kwake. Hapo hapo, nje hapo. Wamemkuta keshakata roho kitini, mlango wa basi u wazi, mguu mmoja keshaushusha. Alirudi kumuaga mkewe."

"La ilaha illallah," alisema mgeni, na machozi yakamtoka.

Kaltham aliinamisha kichwa. Alilijua kila tuo la habari hiyo kwa sababu yeye ndiye aliyeisema mwanzo, siku ya pili ya msiba, kumwambia mtu mmoja tu, na kutoka hapo ikaanza kutembea yenyewe. Lakini haikumchosha. Kila ikisimuliwa, goti lake lilitulia. Mguu mmoja keshaushusha. Alikuwa anakuja kwangu.

Aseel aliingia na sinia la tende. Alipoliweka chini, sahani iligonga ukingo wa sinia, na tende mbili zikadondoka mkekani. Aliziokota, akatoka.

"Mtoto kadhoofu," Tamima alisema. "Afadhali ami yake kamkataza hizo mbio."

"Nani kakwambia kamkataza?"

"Wallahi, Kaltham, kijiji hiki?" Tamima alicheka kidogo, kisha akakumbuka yuko kwa kizuka, akaifunika midomo kwa ncha ya mtandio.


Abla Lamees, mwalimu wa michezo, alifika Jumanne baada ya skuli kutoka. Alikuwa bado kijana, mama yake mtu wa Pemba, na alizungumza Kiswahili cha haraka chenye Kiarabu ndani yake kama karafuu kwenye wali. Alimwamkia Bi Mahfoudha shikamoo, akambusu kichwa, akakaa juu ya mkeka mbele ya Kaltham na asijue aanzie wapi.

"Sema tu, mwalimu," Kaltham alimwambia.

"Nimekuja kukuomba, na naona haya."

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Kulikuwa na skuli sita za wasichana, kila moja ina wanafunzi chini ya mia, zimetawanyika vijijini kutoka upande wa Nizwa mpaka Sur. Skuli kubwa za mjini hazikuona faida ya kushindana nazo, basi hizi ndogo zilianzisha ligi yao zenyewe, Ligi ya Skuli Ndogo. Na ili ligi isife kwa uvivu, walimu wenyewe waliandika sharti: kila mkutano, kila skuli ilete timu ya mbio za vijiti, wasichana wanne. Skuli ikikosa mara mbili mfululizo inatolewa, na iliyo mlangoni inaingia mahali pake. Skuli ya kina Aseel ilikuwa na wasichana sabini na mmoja. Waliopewa ruhusa makwao wakimbie mbele ya watu, hata watu wenyewe wakiwa wanawake watupu ndani ya ukuta, walikuwa wanne.

"Nizwa tulikosa," alisema Abla Lamees taratibu.

"Nizwa mlikosa kwa sababu yetu," alisema Kaltham.

"Sikusema hivyo."

"Lakini ndivyo. Walikuwa wamekaa barazani wanangoja basi."

Abla Lamees alivunja ukindu mmoja wa mkeka. "Nimewapigia wenzangu wa ligi, nimewaomba watusamehe Nizwa, msiba ni msiba. Wamenipa pole, lakini sharti wameliacha lilivyo. Kisha mmoja akaniambia, akicheka, basi nyie jiiteni Skuli ya Watu Wanne. Wasichana wangu walikuwa wanasikia, simu iko wazi. Watatu waliobaki wanakwenda mazoezini kila siku. Wanapokezana kijiti watatu, halafu wa tatu anasimama nacho, hana wa kumpa."

Kaltham aliuona mkono huo ulionyooshwa, kijiti kikingojea. Aliinuka, akaenda mpaka tangi la maji, akarudi.

"Na mama wa basi?" aliuliza. "Nani wa pili?"

"Sina. Hilo nalo sina."

"Una mimi," Bi Mahfoudha alisema kutoka kwenye kiti chake.

Wote wawili wakamgeukia.

"Mama, magoti yako," Kaltham alisema.

"Kwani mimi ndiye nitakayekimbia? Nitakaa. Kukaa naweza." Alivuta mtandio wake mbele. "Humaid miaka yote kawapeleka, akawa anangoja nje ya ukuta na madereva wenzake, hakuwahi hata mara moja kumwona mwanawe akikimbia. Alikuwa akiniambia, mama, mimi nikisikia makelele ndo najua kashika kijiti. Basi mmoja katika nyumba hii akamwone."

Abla Lamees alishukuru, macho yamemlowa. Lakini mlangoni, akivaa viatu, alisema polepole, "Bila ya Aseel safari yenyewe hakuna, Bi Kaltham. Kesho saa kumi na mbili tutapita hapa. Asipotoka, tutarudi skuli."


Kaltham hakungoja. Alimpigia simu Hamood mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aingie eda, akamwambia, "Njoo mlangoni," akakata. Alasiri Hamood akaja. Bi Mahfoudha alikaa kwenye kiti chake. Kaltham alisimama nyuma ya pazia, na safari hii sauti yake haikuwa ya mtu anayeomba.

"Mama, mwambie ndugu yake alikuwa dereva tu, hana cheo wala kanzu za pasi, lakini mwanawe hakumfungia ndani kwa kuogopa midomo ya watu."

"Anasema nduguyo hakumfungia mtoto," Bi Mahfoudha alipunguza.

"Nimesikia."

"Mwambie Tamima anajua habari za mwanangu kabla yangu. Mwambie ametuaibisha kijiji kizima, na skuli nzima itatolewa kwa ajili yake."

"Anasema skuli itatolewa."

"Nimesikia, mama."

"Mwambie," Kaltham alisema, na alijua kabla ya kulisema kwamba hapaswi kulisema, "mwambie mtu ambaye Mungu hakumpa mtoto hawezi kujua uchungu wa mtoto."

Bi Mahfoudha aliufunga mdomo. Alitazama mbele, mikono yake juu ya fimbo.

"Hilo," alisema, "silipitishi."

Gari moja ilipita barabarani, ikaenda zake mpaka isisikike. Kaltham aliuhisi uso wake unawaka.

"Nipeni hiyo karatasi," Hamood alisema.

Karatasi ikapita pazia, ikapita kwa Bi Mahfoudha, ikapita upenyoni. Walisikia kofia ya kalamu ikitoka. Ikarudi na saini, jina lote, herufi zimenyooka kama za ofisini.

"Haya. Nimetia," alisema Hamood. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Sasa mama, mwambie amwulize mwanawe kama atalipanda hilo basi. Alikuja kwangu Jumamosi, analia. Akaniambia, Ami, nikatalie. Mama akiuliza, sema ni wewe. Nikamwambia haya. Sikumwuliza sababu. Tangu babake afe mtoto yule hajaniomba kitu, hata maji. Kaniomba hilo moja."

Kokoto zikalia chini ya miguu yake. Alikuwa keshafika langoni Bi Mahfoudha alipogeuka, akalifunua pazia kwa fimbo, akamtazama mkwewe.

"Nenda kwa mwanao," alisema.


Aseel alikuwa chumbani anakunja nguo. Alizisikia hatua za mama yake, akaendelea kukunja, lakini shati lilelile mara ya pili.

"Kwa nini?" Kaltham alimwuliza.

"Sitaki tu, Mama."

"Ami yako kabeba lawama siku mbili kwa ajili yako. Nimemtukana leo tusi ambalo sijui nitalifuta vipi. Usiniambie sitaki tu."

Aseel aliliweka shati chini. Alikuwa na uso wa babake, kidevu kile kile cha kujikaza.

"Baba hakurudi kukuaga," alisema.

Kaltham hakufahamu. "Nini?"

"Asubuhi ile. Nilisahau viatu vyangu vya mbio. Nilikwisha kaa kwenye basi, tumekaribia skuli, ndo nikakumbuka. Nikamwambia kwa siri, wenzangu wasinicheke. Akatushusha, akasema anarudi kunichukulia." Maneno yalimtoka yamenyooka, kama yaliyokuwa yamepangwa foleni. "Asingerudi, angekuwa kakaa barazani na sisi. Pale hospitali ni dakika tano. Abla angemwona. Mtu angemwona. Kaja kufia peke yake hapa nje kwa ajili ya viatu."

Kaltham aliketi ukingoni mwa kitanda. Alingoja goti litikisike, halikutikisika. Kitu kilichomtuliza siku hamsini na nne kilikuwa kimetolewa chini yake, na mwili wake ulikuwa bado haujajua.

"Siku zote hizi," alisema mwisho, "umeniacha nikisimulia uwongo mbele za watu."

"Ulikuwa unalala, Mama," Aseel alisema. "Siku ukilisimulia lile, ulikuwa unalala. Siku usipolisimulia, nilikuwa nakusikia unatembea uani."

Kaltham aliinuka. Hakumkumbatia mwanawe, mikono haikumfuata. Alifika mlangoni, akasimama huku amempa mgongo.

"Alisema nini?"

"Nani?"

"Babako. Ulipomwambia umesahau viatu. Alisema nini?"

"Alicheka. Akasema, wewe iko siku utasahau kichwa chako."

Kaltham alitikisa kichwa polepole. Ndivyo alivyokuwa akisema. Alikuwa akimwambia yeye Kaltham neno lile pia, kila akiacha funguo. Alitoka uani, na jua la magharibi lilimkuta anatembea, mlimau, tangi, mlimau, huku Bi Mahfoudha akimwangalia kutoka barazani na asimwambie basi.


Saa kumi na mbili kasorobo za asubuhi Bi Mahfoudha alikuwa tayari langoni, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkoba wake mapajani na chupa ya chai mkononi. Hamood alikuwa amekuja kumpandisha mama yake. Aseel alisimama ndani ya lango na nguo za kila siku, mikono ameikunja kifuani, kama mtu aliyekuja kuaga wageni.

Basi lilifika, lile lile, jeupe lenye mstari wa buluu. Wasichana watatu walikuwa madirishani, hakuna anayeimba. Abla Lamees aliteremka, akamtazama Aseel, akaziona nguo alizovaa.

"Sogea mwanangu nipite," Bi Mahfoudha alimwambia Hamood, lakini hakuinuka.

Kisha mlango wa nyumba ukafunguka, na Kaltham akatoka.

Alikuwa amejifunika mwili mzima na uso. Alivuka baraza, akavuka ua, akafika langoni, na hapo, mahali ambapo hakuwa amevuka tangu jeneza litoke, akavuka. Yaqoub, dereva mpya, alimwona, akaruka chini upesi na kugeuza uso upande wa mitende. Hamood naye akageukia ukuta. Wanaume wawili walisimama, mmoja akitazama mitende na mwengine akitazama ukuta, kama watoto walioadhibiwa. Ng'ambo ya njia Tamima aliacha kufagia.

Kaltham alipanda basi kwa mlango wa mbele. Hakwenda kwenye kiti chake cha zamani. Alizunguka usukani, akakaa kwenye kiti cha dereva.

Miguu yake haikufika chini. Kitambaa cha kijani alichokizungusha Humaid kwenye usukani kilikuwa bado kipo, kimechanika palepale kilipokuwa kimechanika. Kwa miaka kumi na tisa alikaa upande wa pili wa kiti hiki na hajawahi kukikalia. Aliweka mikono mapajani na kuvuta pumzi. Basi lilinuka vumbi, na machungwa, na mafuta.

"Aseel."

"Labeka, Mama."

"Njoo hapa."

Aseel alikuja mpaka ngazini, akasimama chini, mkono kwenye chuma cha mlango.

"Tazama," Kaltham alisema. "Ni kiti. Nimekikalia, na nitaondoka." Kutoka ndani ya baibui alitoa mfuko wa kitambaa. Ulikuwa umetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa mbele tangu siku ile, na yeye alikuwa akiupita mara ishirini kwa siku. "Babako alishaushusha mguu mmoja. Alikuwa anakwenda kuchukua hivi. Sasa nimemchukulia mimi."

Mfuko ukabaki hewani baina yao. Dirishani msichana wa tatu, yule aliyesimama mazoezini kila siku na kijiti kisicho na wa kupewa, alikuwa amebana pua kwenye kioo.

"Wenzio wanangoja, mwanangu," Kaltham alisema. "Tangu siku ile ya Nizwa walikuwa wanatungojea sisi."

Aseel aliupokea. Akaushika kwa mikono miwili, akaufungua, akachungulia ndani kama kwamba huenda mkawa na kitu kingine. Kisha akageuka mbio kuingia ndani kubadilisha nguo, na Bi Mahfoudha akasema kwa sauti ya mtu aliyecheleweshwa, "Haya, nipandisheni basi, na mimi nakaa mbele, nyuma hunizungusha kichwa."

Kaltham aliteremka. Alipompita Hamood, aliyekuwa bado anautazama ukuta, alisimama. Hakukuwa na pazia, wala mlango, wala mtu wa kati.

"Shemegi," alisema. "Nisamehe lile neno la jana."

Hamood aliuambia ukuta, "Neno gani? Mimi halikunifika. Mama hakulipitisha."


Walirudi baada ya alasiri. Bi Mahfoudha aliteremshwa kama mtungi, mtu huku na mtu huku, na alianza kusimulia kabla ya miguu yake kugusa ardhi.

"Wa tano! Katika sita! Na huyo wa sita kijiti kiliwaanguka, maskini. Mimi nilikuwa nikidhani ndo wanapasha moto, kumbe wamekwisha maliza. Lakini huyu," alimwonyesha Aseel kwa fimbo, "huyu kapokea kijiti wa mwisho kabisa, kampita mmoja. Nimemwona kwa macho yangu mawili. Nilipiga kelele mpaka mwalimu wa watu kaniletea maji."

"Tumeandikwa, Mama," Aseel alisema. "Abla kaweka saini kwenye daftari la ligi. Tumo."

Uso wake ulikuwa na chumvi kavu mashavuni, ya jasho au ya kingine, Kaltham hakuuliza. Safari hii mikono ilimfuata. Alimvuta, akamshikilia pale pale uani, na harufu ya basi ilikuwa bado katika nguo zao wote wawili.


Kesho yake saa kumi wanawake walikuja. Tamima alikuja na mgeni mwengine, shangazi yake wa Sinaw, na alikaa mbali kidogo kuliko kawaida.

"Jana nilikuona," alimwambia Kaltham. "Ulitoka."

"Nilitoka. Kumekucha, si usiku, kwa haja yangu. Dini imeruhusu."

Tamima alingoja azidishiwe, hakuzidishiwa. Basi akamgeukia shangazi yake na kumshika mkono. "Shangazi, wewe hujaisikia. Marehemu alikuwa keshaondoka, alfajiri, kawashusha wasichana skuli. Moyo ukamwambia, rudi. Bila ya sababu! Akarudi mpaka langoni hapo, kuja kumuaga..."

"Hapana, Tamima," Kaltham alisema.

Tamima aliuachia mkono wa shangazi yake.

"Hakurudi kuniaga. Aseel alisahau viatu vyake vya mbio nyuma ya mlango, babake akarudi kumchukulia." Aliwatazama mmoja mmoja. "Ndivyo alivyokuwa. Mtoto akikosa kitu, hakuweza kuendelea na safari."

Aseel alikuwa amesimama katikati yao na birika la kahawa. Kila mwanamke alimtazama. Alizunguka mpaka kwa mgeni wa Sinaw, akainama, akamimina, na kahawa ikaingia kikombeni bila ya tone kwenda pembeni.

Mgeni, bibi mwenye macho makavu na mikono ya kazi, alikipokea kikombe asikinywe.

"Na hivyo viatu," alimwuliza, "ulivipata?"

"Nilivipata, Bibi. Juzi nilikuwa sivitaki. Jana nimekimbia navyo."

"Vinakuenea?"

Aseel alifikiri. "Vinanibana kidogo," alisema. "Hapa mbele."

"Vilikuwa vinakuenea vizuri," Kaltham alisema. "Lete nivione."

Aseel akaliweka birika chini, akaenda kuvichukua nyuma ya mlango.